Treni ya Nani, Kiti cha Nani

Malindi hatuna reli. Anayetaka kupanda treni huanza na matatu, kilometa kama 120 mpaka Mombasa, kisha atafute usafiri wa kumfikisha Miritini iliko stesheni ya SGR. Akishafika Miritini mambo ni mepesi: treni ya Nairobi ina mwenyewe mmoja, na swali la kujibu ni moja tu, daraja lipi. Tangu Madaraka Express ianze mwaka 2017 nimeipanda mara kadhaa, na hata siku moja sikujiuliza treni hii ni ya nani. Kuna haja gani, na ni hiyo hiyo?

Mazoea hayo niliyabeba mpaka Italia, na yalinitia hasara.

Nimekwenda huko mara mbili. Mwaka 2018 nilikwenda peke yangu kumtembelea mdogo wangu, aliyeolewa akahamia Bologna. Mwaka 2023 nilikwenda tena, safari hii na mama, kwa sababu mdogo wangu alijifungua, na mama aliapa kwamba mwanawe hatakaa arobaini mikononi mwa watu baki maadamu yeye yu hai. Tangu turudi, watu wa mtaani wenye watoto na ndugu kule huja kuniuliza habari za treni. Wengi huanza na bei. Mimi huwaomba tuanze kwingine.

Kiitaliano si lugha ngeni Malindi. Waitaliano wamekuwa wakija tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia roketi baharini pale Ngomeni, na baada ya hapo wakaja wa hoteli na wa nyumba za pwani. Nimefanya kazi hotelini miaka mingi, Kiitaliano nakisema bila kutafuta maneno, nikaamini lugha itanitosha. Lakini Kiitaliano cha hoteli ni cha chumba, meza, samaki na bei ya safari ya Marafa. Hakuna mgeni aliyewahi kuniambia neno binario, kwa sababu Malindi hakuna kitu cha kuitwa hivyo. Binario ni ile njia yenye namba stesheni, mahali treni yako inaposimama. Carrozza ni behewa. Posto ni nafasi yako ya kukaa. Finestrino ni dirishani, corridoio ni kwenye ujia wa katikati. Maneno matano tu, na kila ninayemsaidia kukata tiketi nampa hayo kwanza.

Ndege yangu ya 2018 ilichelewa kutua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, kwa saa moja na nusu. Tiketi ya treni nilikuwa nimeikata mapema kwa bei ya chini kabisa, ile isiyobadilishwa wala kurudishiwa pesa, na nilipoingia Termini, stesheni kuu ya Roma, zilikuwa zimebaki dakika sita. Nikatazama bao kubwa la matangazo: Milano Centrale, kupitia Firenze na Bologna, namba ya njia hii hapa. Nikakimbia na sanduku langu. Mbele yangu treni nyekundu, ndefu, pua imechongoka kama ya nguru. Nikapanda, nikatafuta behewa, nikatafuta kiti, namba zikalingana na zangu, nikaketi. Mlango ukafungwa. Nikasema alhamdulillahi.

Hatujatoka mbali na Roma, akaja mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye skafu shingoni. Akaisoma tiketi yangu kwa mashine yake, akaisoma tena kwa macho, kisha akaniambia kwa upole: "Mama, hii si yetu."

Kule treni za mwendo kasi ni za kampuni mbili juu ya reli zile zile. Moja ni Trenitalia, ya serikali, na treni zake za mwendo huo huitwa Frecciarossa, yaani mshale mwekundu. Ya pili ni Italo, kampuni ya binafsi iliyoanza kubeba abiria Aprili 2012. Zote mbili zinakwenda Napoli, Roma, Firenze, Bologna na Milano. Zote zinafika kilometa 300 kwa saa. Zinafuatana kwa dakika chache kwenye bao moja la matangazo, na zote ni nyekundu. Ukiziona zimesimama pamoja utazitofautisha: Frecciarossa ni nyekundu ya pilipili iliyoiva, Italo ni damu ya mzee. Mtu aliyebakiwa na dakika sita haoni tofauti hiyo.

Tiketi ya hii haifanyi kazi kwenye ile. Hapa kwetu ukipanda basi la kampuni nyingine kwa makosa, utingo atanuna, mtaongea, mwishowe utashushwa kituo cha mbele au utasogezwa. Kule nililipa nauli nzima ya papo hapo, zaidi ya yuro 80, kwa safari niliyokwisha kuilipia yuro 30. Sisemi treni niliyoipanda kwa makosa ilikuwa ipi kati ya hizo mbili. Yule mama alifanya kazi yake, na hata maji ya kunywa alinitafutia, maana aliniona nimebadilika uso.

Nimelifikiria sana kosa lile, na nikilifuata nyuma silikuti Termini. Nalikuta hapa Malindi wiki sita kabla, usiku, nilipokuwa nimeshika simu na kuchagua tiketi ya bei ya chini kwa safari inayoanza na ndege. Tiketi ile ndiyo iliyonikimbiza. Ningekuwa na tiketi ya kubadilika, ningeketi, nikasoma jina la kampuni, nikanywa chai, nikapanda ya saa iliyofuata.

Trenitalia hugawa nauli zake mafungu. Super Economy ndiyo ya chini, na ndiyo inayokufunga: ukikosa treni, imekwenda na pesa zako. Base ndiyo ya juu, na unaweza kuibadilisha bila malipo kabla treni haijaondoka. Economy iko katikati. Italo nayo ina mafungu ya namna hiyo kwa majina yake yenyewe. Basi mtu akija kuniuliza bei, mimi namuuliza: siku hiyo unatoka wapi kuja kupanda hiyo treni? Kama unatoka uwanja wa ndege, kata inayobadilika, na usihesabu kwamba umepoteza. Kama unatoka nyumbani kwa dada yako, umelala, umekula, kata ya chini na ubaki na pesa zako.

Sasa mama.

Mama alikulia Lamu kabla ya kuolewa Malindi. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, wa enzi za kupakia boriti za mikoko kwenda Arabuni. Yeye ana miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua, na kwenye treni alikuwa hajapanda hata ya Nairobi. Jioni moja tumekaa barazani, nikamfungulia ramani ya viti kwenye simu. Ni visanduku vidogo vidogo, vilivyo wazi vina rangi yake na vilivyochukuliwa vina rangi yake. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya kioo.

"Joshini ni wapi?"

Aliuliza kama aliye jahazini: joshi ni upande unaopigwa na upepo, demani ni ule uliokingwa. Nikamwambia, Mama, treni haina joshi wala demani.

"Chombo gani kisicho na upande?" akasema. "Jua litakuwa wapi? Nitakwenda mbele au kinyumenyume? Na huyu wa mbele yangu, nitatazamana na nani?"

Sikuwa na jibu hata moja. Na haya ni maswali ambayo sisi wenyewe tunayajua. Tukipanda basi la asubuhi la kwenda Lamu tunakaa kushoto, kwa kuwa jua litakuwa kulia mpaka Garsen. Tukishuka Mokowe tukaingia kwenye boti, tunatazama kwanza kama ni kaskazi au ni kusi, ndipo tuchague ubao wa kukalia, tusije tukafika Lamu mabuibui yameloa. Ujuzi huo ninao tangu utotoni. Mbele ya ramani ile ya viti niliusahau wote nikabaki kulinganisha bei.

Tukaanza upya. Hitaji lake la kwanza lilikuwa hilo la kutazamana. Daraja la kawaida, Frecciarossa huliita Standard na Italo huliita Smart, viti viko viwili kila upande wa ujia. Vingine vimepangwa vinne kuzunguka meza, wawili wanatazamana na wawili, na miguu haikosi kugusana. Vingine vimefuatana kama vya basi. Watu wawili wakichukua meza ya wanne, ujue wageni wawili watakuja kukaa mbele yao. Mama hakutaka magoti yake yakutane na ya mwanamume asiyemjua saa mbili na zaidi, na mimi sikuona sababu ya kumwambia azoee. Tukachukua vilivyofuatana. Hapo kuna jambo moja la kuangalia: madirisha hayakupangwa kwa kufuata viti, kwa hiyo kuna kiti kinachoitwa cha dirishani ambacho ubavuni mwake kuna ukuta mtupu. Kwenye ramani huuoni. Mara nyingi viti vya meza ndivyo vinavyopata kioo kizima, na vya kufuatana hupata bahati yake.

Hitaji la pili lilikuwa mizigo. Sanduku la mama lilikuwa na manjano, iliki, pilipili manga, unga wa uji wa mzazi, mafuta ya nyonyo, ubani, na khanga za kumfunga mzazi tumbo. Lilikuwa zito, na hakutaka liwe mbali na macho yake. Juu ya viti kuna rafu, lakini nani atalinyanyua? Mwanzo wa behewa kuna rafu ya masanduku makubwa. Na pale viti vinapopeana migongo kuna uwazi kama wa pembe tatu, sanduku la kiasi linaingia likakaa chini bila kunyanyuliwa. Tukachagua safu iliyo karibu na rafu ya mlangoni, si ya mwisho kabisa, kwa sababu mlango hufunguka kila mtu anapokwenda msalani na baridi huingia.

La tatu lilikuwa kwenda mbele. Akipanda gari kinyumenyume hushikwa na kizunguzungu. Nikachagua viti vinavyotazama mbele kutoka Roma, nikamwambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, nitaeleza.

Watu huniuliza pia kama daraja la juu lina faida. Inategemea ni la juu kiasi gani. Frecciarossa ina madaraja manne: Standard, Premium, Business na Executive. Ukitoka Standard kwenda Premium unapata kiti cha ngozi na kinywaji cha kukukaribisha, lakini viti bado ni viwili kwa viwili, mabega yako yako pale pale. Ukienda Business, au Prima ya Italo, ndipo mpangilio unapobadilika: viwili upande mmoja, kimoja upande wa pili. Huo upande wa kimoja una viti viwili vinavyotazamana na meza ndogo katikati, watu wawili tu, hakuna mgeni. Kwa mtu anayesafiri na mama yake sijaona kiti kinachouzidi huo mpangilio. Tulipokuwa tunarudi Roma niliuchukua, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi, mchana, nyongeza ilikuwa yuro 9 kwa kila mmoja. Tofauti hiyo hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo usikate ya kawaida kabla hujaitazama ya juu yake. Ila soma vizuri. Business ya Frecciarossa ina eneo la kimya, ambako simu haziongelewi. Mama ana mashoga zake wa Lamu wanaotaka kusikia kila stesheni, nikaliacha.

Tulitua Fiumicino asubuhi ya Septemba. Pale uwanja wa ndege kuna uchaguzi mwingine unaowachanganya watu wetu, na hapa kampuni ni moja, Trenitalia, lakini treni za kuingia mjini ni mbili. Leonardo Express inakwenda moja kwa moja Termini kwa dakika 32, yuro 14. FL1 ni yuro 8, inasimama njiani Trastevere, Ostiense na Tiburtina, na Termini haifiki kabisa. Mtu huona yuro 8 akafurahi, akajikuta upande mwingine wa Roma na treni yake inaondoka Termini. Lakini kuna treni za mwendo kasi zinazosimama Tiburtina pia, na kama tiketi yako imeandikwa Tiburtina, basi ile ya yuro 8 ndiyo yako. Soma jina la stesheni, usisome jina la mji peke yake. Napoli vile vile, kuna Centrale iliyo mjini na kuna Afragola iliyo nje ya mji, na zote zinaanza na Napoli.

Safari hii ndege iliwahi. Tulikaa Termini zaidi ya saa nzima, mama akatoa mahamri kwenye mfuko, tukala. Nikamweleza habari za rangi mbili. Namba ya njia yetu ilipotokea kwenye bao, tukatembea polepole, mimi navuta masanduku, yeye ameshika mkono wangu. Treni mbili zilikuwa zimesimama njia za jirani. Akasimama, akaitazama ya kwanza, akaitazama ya pili.

"Ile ni damu ya mzee," akasema. "Yetu ni hii."

Mpaka Firenze ni saa moja na nusu hivi. Alikaa dirishani, akatazama mashamba yaliyopangwa mistari na vijiji vilivyokaa juu ya vilima, akaniuliza kwa nini watu wamejenga juu mlimani na maji yako chini. Alikuwa na furaha. Kisha tukaingia Firenze.

Stesheni ya Firenze inaitwa Santa Maria Novella, na reli zake zinakomea ukutani. Treni inaingia kichwa mbele, na kwa kuwa hakuna pa kupitia, inatoka mkia mbele. Nilikuwa nimeishi na mdogo wangu kule wiki tatu mwaka 2018 na bado jambo hilo sikuliweka akilini, kwa sababu halikuniumiza. Treni iliposogea, mama alinishika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu, tunarudi."

Nikamwambia haturudi, tunaendelea, ila treni imegeuza uso. Akaniamini, lakini kichwa chake hakikuamini. Na kipande cha Firenze mpaka Bologna ndicho kigumu kuliko vyote: njia ya kilometa 78, na karibu yote ni mahandaki chini ya milima ya Apennini. Dirisha linakuwa jeusi, masikio yanaziba, mwanga unapiga mara moja halafu giza tena. Kwa mwenye kizunguzungu anayekwenda kinyumenyume ni dhiki. Alifumba macho, akavuta tasbihi yake, dakika thelathini na kitu, mimi nimemshika bega na najilaumu.

Tangu siku hiyo nikichagua kiti natazama orodha ya vituo kabla ya ramani. Nikiona Firenze Santa Maria Novella najua treni itageuka. Termini nayo reli zake zinakoma, kwa hiyo treni inayotoka Napoli kwenda Milano ikipitia zote mbili hugeuka mara mbili: aliyetoka Napoli akitazama mbele, baada ya Roma anakwenda kinyumenyume, baada ya Firenze anatazama mbele tena. Ziko treni zisizoingia Santa Maria Novella, nazo hazigeuki pale. Asiyeweza kukaa kinyumenyume kabisa atafute hizo.

Wakati wa kurudi tulipata dawa nyingine. Vile viti viwili vya kutazamana. Kutoka Bologna mama alikaa kwenye kile kinachotazama mbele, mimi mbele yake nikaenda kinyumenyume. Tulipoingia Firenze na watu wakawa wanashuka na kupanda, nikainuka, nikampa mkono, tukabadilishana viti. Treni ikatoka, naye bado anatazama mbele. Kijana mmoja wa upande wa pili wa ujia alitutazama, halafu naye akainuka akahamia kiti cha mbele yake kilichokuwa kitupu.

Bologna pia ina lake. Treni nyingi za mwendo kasi zinasimama chini ya ardhi, njia namba 16 mpaka 19, kina kirefu, na kutoka huko mpaka juu barabarani ni ngazi za umeme moja baada ya nyingine. Lifti zipo. Kwa mwenye magoti kama ya mama, ukishuka simama kando, waache wenye haraka wapite, kisha utafute lifti. Na ukiwa unaondoka, hesabu robo saa zaidi ya unayodhani inatosha.

Neno moja zaidi la kujifunza ni sciopero, mgomo. Migomo ya reli Italia hutangazwa kabla, kwa hiyo unaweza kuiangalia wiki ya safari yako. Siku za kazi treni za mikoa zina saa ambazo lazima zitembee hata kukiwa na mgomo, saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku. Wakigoma wafanyakazi wa kampuni moja, huenda ya pili inatembea. Ndiyo faida ya kujua kwamba ziko mbili.

Mama alimlea mzazi wake. Uji asubuhi, maji ya moto, kumkanda, ubani magharibi, mtoto akilia yeye ndiye wa kwanza kusimama. Bologna ni mji mzuri, una baraza zilizoezekwa kando ya barabara kilometa na kilometa, mvua ikinyesha hulowi. Lakini hauna bahari. Siku ya thelathini na nane alisimama dirishani jikoni, akasema bila kumwambia mtu yeyote: "Sijawahi kukaa siku nyingi hivi sijaona maji."

Shemeji yangu kwao ni kusini. Akamsimulia habari ya treni za kwenda Sicily: zikifika Villa San Giovanni hukatwa vipande, mabehewa yakaingizwa kwenye meli iliyo na reli ndani yake, abiria wamo humo humo, meli ikavuka mlangobahari mpaka Messina, mabehewa yakaunganishwa tena yakaendelea. Mama aliuliza maswali usiku kucha. Wanayafunga kwa nini yasibingirike? Mkondo wa maji pale unakwendaje? Meli ikilala upande, treni inafanyaje? Shemeji akaahidi kumpeleka mtoto akikua. Nikasema moyoni, hilo la baadaye, lakini maji atayaona kabla hatujaondoka.

Arobaini ilipotimia nikamchukua Ancona. Kutoka Bologna ni kilometa 204. Hatukupanda Frecciarossa wala kitu cha kufanana nayo. Tulipanda treni ya mkoa, Regionale Veloce, ya kampuni ya ubia inayoitwa Trenitalia Tper, kwa sababu tatu. Nauli yake ni ile ile ukikata mwezi kabla au asubuhi hiyo hiyo, na sisi tulitaka kutazama hali ya hewa kwanza. Haina kiti cha namba, unakaa unapopenda. Na inakwenda taratibu, mtu anaona.

Mdogo wangu alitusindikiza stesheni na mtoto kifuani. Nilikuwa nimeshaelekea kwenye treni na tiketi za karatasi mkononi, akanivuta nguo. "Dada, hujazigonga." Tiketi ya karatasi ya treni za mikoa lazima uipitishe kwenye kimashine kilichopo ukutani au kwenye nguzo, kikaipiga mhuri wa saa, kabla hujapanda. Bila mhuri huo unahesabiwa huna tiketi, hata kama umeilipia, na unatozwa faini. Nikazisukuma ndani moja moja, kikalia krr, zikatoka na maandishi ya wino pembeni.

Nilikuwa nimetazama ramani usiku: kwenda Ancona bahari iko kushoto. Lakini treni ilitoka mbali kabla ya kufika Bologna, na viti vya kushoto vilikuwa vimejaa. Tukakaa kulia. Mpaka Rimini reli iko bara, hukosi kitu. Rimini watu wengi walishuka, nasi tukahamia kushoto. Hiyo ndiyo raha ya treni isiyo na namba za viti, unakaa kwa kufuata njia.

Baada ya Pesaro reli inateremka ufukweni hasa. Si bahari ya kuonekana kwa mbali kati ya nyumba. Ni mchanga, kisha maji, na treni inapita kando yake kama mtu anayetembea pwani. Fano, Senigallia. Miavuli ya majira ya joto ilikuwa imekwisha kung'olewa, mchanga mtupu, maji ya kijivu yenye kijani. Mama aliweka kiganja kwenye kioo. Alikaa kimya mpaka nikadhani analia. Kumbe alikuwa anachunguza.

"Maji haya hayapwi?" akaniuliza.

Nikamuuliza kwa nini.

"Huoni alama ya kupwa. Mchanga hauna mstari. Mwani hauko juu. Nyumba zimejengwa hapa hapa, mtu anafungua mlango anakanyaga maji."

Ni kweli, bahari ya Adriatiki pande zile hupwa na kujaa kidogo sana, haifiki hata goti, wakati kwetu maji yakitoka unatembea juu ya mwamba mpaka mbali. Nimepokea wageni wa Kiitaliano miaka yote hiyo, wakisimama pwani ya Malindi asubuhi wakiuliza bahari imekwenda wapi, na sikuwahi kuelewa kwa nini wanashangaa. Mama alilielewa jambo hilo kwa dirisha la treni ya bei ya chini.

Ancona tulishuka, tukatembea kidogo, akachota maji kwa mkono akayaonja. Akasema chumvi yake ni ndogo. Tukala samaki wa kukaanga, tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya, tukarudi stesheni.

Treni ya kurudi ilikuwa imefunguliwa milango tayari. Nilibaki nyuma kugonga tiketi, mara hii bila kukumbushwa. Mama hakuningoja. Nilimwona kupitia madirisha akipita katikati ya behewa, anashika kiti hiki, anashika kile, safu nzima ya viti vya kushoto ni vitupu na hakutazama hata kimoja. Akaenda kulia, kwenye kiti kinachotazama mbele chenye kioo kizima. Nilipofika alikuwa amekwisha kukifuta kwa ncha ya mtandio.